Namna ya Kukokotoa Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Nairobi na New York

Umbali wa angani kati ya Nairobi na New York ni takriban kilomita 11,840, na hiyo ni namba isiyobadilika. Muda wa kuuvuka umbali huo ndio unaowachanganya wasafiri wengi, kwa kuwa safari ya kwenda huchukua kama saa 15 na ya kurudi huwa fupi kidogo, ilhali tiketi ya kwenda huonekana kana kwamba ndege itakaa angani kwa saa saba tu, na ya kurudi kana kwamba itakaa karibu siku nzima. Asiyejua namba hizo zinatoka wapi humwambia ndugu yake aje kumpokea siku isiyo yake, au hununua tiketi ya kuunganisha ndege ambayo hawezi kuiwahi. Ndiyo maana naona inafaa kila msafiri wa masafa marefu ajue kuipiga hesabu hii mwenyewe, hata kama simu yake inaweza kumpa jibu kwa sekunde moja.

Nimeichagua njia hii kwa sababu Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja kati ya miji hii miwili tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8 yenye viti 234, na kwa sababu wasafiri wengi wa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi huipitia. Hatua zenyewe ni zilezile kwa viwanja vyovyote viwili vilivyo mbali.

Hatua ya kwanza: bainisha viwanja, si miji

Anza na herufi tatu zinazotambulisha kila kiwanja kwenye tiketi. NBO ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi, ambao haupaswi kuchanganywa na Uwanja wa Wilson unaotumiwa zaidi na ndege ndogo. Upande wa pili, JFK ni mojawapo ya viwanja vitatu vikubwa vinavyouhudumia mji wa New York. Vingine ni LaGuardia, wenye herufi LGA, na Newark, wenye herufi EWR, ambao uko jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson. Tofauti ya kilomita kati ya viwanja hivi ni ndogo mno ukilinganisha na safari nzima, lakini kwa msafiri ni kubwa sana, kwa sababu anayetua JFK na kutakiwa kuendelea na safari kutoka Newark atalazimika kuuvuka mji mzima kwa barabara au kwa treni, akiwa na mizigo yake. Ukiona herufi za kuwasili na herufi za kuondoka hazifanani katika mji mmoja, usinunue tiketi hiyo kabla ya kuuliza.

Hatua ya pili: tafuta umbali mfupi kuliko wote juu ya tufe

Umbali unaotajwa katika safari za ndege hupimwa juu ya mzingo wa dunia, kwenye njia iliyo fupi kuliko zote kati ya nukta mbili za tufe. Ukiwa na tufe la shuleni unaweza kuiona njia hiyo kwa uzi: bana ncha moja juu ya Nairobi, uvute uzi hadi New York mpaka ukaze, kisha usome nchi zinazopitwa. Uzi utapanda kuelekea kaskazini-magharibi juu ya Uganda na Sudan Kusini, utagusa pembe ya Darfur, utavuka Chad, Niger na Algeria, utatokea Morocco karibu na Marrakech, kisha utaingia Atlantiki na kuendelea kupanda hadi latitudo ya nyuzi 42 kaskazini kabla ya kushuka kidogo kuelekea New York.

Ramani ya ukutani itakupa picha nyingine kabisa. Katika ramani nyingi za bapa, mstari ulionyooka kwa rula kati ya miji hii miwili hutokea baharini kwenye pwani ya Mauritania, na mtu huhisi kwamba ndege inayopita Morocco inazunguka bure. Kumbe mstari wa rula ndio mrefu, kwa sababu ukiufuata juu ya dunia yenyewe utasafiri takriban kilomita 12,190, yaani kilomita 350 zaidi, ambazo kwa ndege kubwa ni karibu dakika 25.

Ukitaka kupata namba kamili, tumia kikokotoo chenye sini na kosini. Chukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili kwa desimali, ukiweka alama ya kutoa mbele ya latitudo za kusini ya ikweta na mbele ya longitudo za magharibi. Embakasi iko kwenye latitudo −1.319 na longitudo 36.928, JFK iko kwenye latitudo 40.640 na longitudo −73.779. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 110.707. Sasa zidisha sini za latitudo mbili, upate −0.0150. Zidisha kosini za latitudo hizo mbili, kisha uzidishe jibu hilo kwa kosini ya tofauti ya longitudo, upate −0.2682. Jumlisha majibu mawili, upate −0.2832, na utafute pembe ambayo kosini yake ni namba hiyo: ni nyuzi 106.45. Kila nyuzi moja juu ya mzingo wa dunia ni takriban kilomita 111.2, kwa hiyo umbali ni kilomita 11,837. Kanuni hii huichukulia dunia kuwa mviringo kamili, ilhali imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na ndiyo sababu vyanzo mbalimbali hutofautiana kwa kilomita chache. Kwa msafiri tofauti hiyo haina uzito.

Marubani hawatumii kilomita katika kazi hii, bali maili za baharini, ambazo kila moja ni kilomita 1.852. Ukikuta mahali pameandikwa kwamba safari hii ni maili 6,390 hivi, hizo ni maili za baharini. Ukikuta maili 7,360 hivi, hizo ni maili za kawaida za barabarani. Umbali ni uleule.

Hatua ya tatu: ongeza kile ambacho njia halisi hudai

Hakuna ndege inayofuata uzi wa tufe sawasawa. Kuna njia zilizopangwa za angani, kuna dhoruba za kukwepa, kuna vibali vya kupita juu ya kila nchi, na kuna anga zilizofungwa kwa sababu ya vita, kama ilivyokuwa Sudan baada ya mapigano kuzuka tarehe 15 Aprili 2023. Juu ya Atlantiki, ndege yenye injini mbili kama 787 lazima pia ipangiwe njia ambayo, injini moja ikizimika, kiwanja cha dharura kitafikika ndani ya muda ulioidhinishwa. Kwa makadirio ya nyumbani, ongeza asilimia mbili au tatu juu ya umbali wa tufe. Kwa njia yetu, kilomita 11,840 zitakuwa kama 12,100.

Hapa inafaa kutaja jambo moja kuhusu Nairobi ambalo abiria wachache hulifikiria. Uwanja wa Embakasi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi, hivyo mabawa hupata nguvu ndogo zaidi ya kuinua na injini hupata msukumo mdogo zaidi kuliko katika kiwanja cha pwani. Jua la mchana huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 ni nzito sana, na hata kwa njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne, uzito wake lazima uhesabiwe kwa uangalifu kabla ya kuruka. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa na kuwa nzito, husaidia sana. Boeing hutaja kwamba 787-8 inaweza kufika takriban kilomita 13,530; nafasi inayobaki juu ya kilomita zetu 12,100 si kubwa, ukikumbuka kwamba ndege haina budi kubeba akiba ya mafuta ya kwenda kiwanja mbadala na ya kukabili upepo wa mbele.

Hatua ya nne: geuza kilomita kuwa saa

Boeing 787 ikiwa juu husafiri kwa mwendo wa takriban kilomita 900 kwa saa, ukipimwa ndani ya hewa inayoizunguka. Hewa yenyewe, hata hivyo, haijatulia. Katika latitudo za kati, kama zile ambazo njia hii huzipitia juu ya Atlantiki, kuna mikondo ya upepo wenye nguvu inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye kimo kilekile ambacho ndege hupita, na nguvu yake huongezeka wakati wa baridi ya kaskazini. Anayekwenda New York hukutana na upepo huo usoni, na anayerudi Nairobi husukumwa nao mgongoni. Kwa kuwa sehemu kubwa ya njia iko juu ya Afrika, ambako mikondo hiyo ni dhaifu zaidi, athari yake kwa safari nzima ni ndogo kuliko kwa safari ya London na New York, lakini bado inaonekana wazi.

Kwa kwenda, toa wastani wa kilomita 50 kwa saa: gawanya 12,100 kwa 850, upate saa 14 na dakika 14 hivi. Ongeza dakika 40 za mwendo wa polepole ardhini, za kupanda na za kushuka, na utafika karibu kabisa na saa 15. Kwa kurudi, ongeza kilomita 20 kwa saa: gawanya 12,100 kwa 920, upate saa 13 na dakika 9, jumlisha dakika 40 zilezile, na jibu ni karibu saa 13 na dakika 50. Ratiba ya kurudi huandikwa ndefu kuliko hapo, na sababu yake inaeleweka. Muda wa ratiba huanza pale ndege inaposukumwa kutoka getini na kwisha pale inaposimama kwenye geti la mwisho, na JFK ni kiwanja ambacho foleni ya ndege zinazosubiri kuruka inaweza kuwa ndefu. Shirika huweka akiba ya dakika hizo mapema.

Hatua ya tano: soma saa za tiketi kama zinavyopaswa kusomwa

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo tutulie kidogo.

Saa zote kwenye tiketi ni saa za mahali husika: ya kuondoka ni ya mji unaotoka, ya kufika ni ya mji unaoenda. Kenya, Tanzania na Uganda hutangulia saa za dunia, ziitwazo UTC, kwa saa tatu mwaka mzima. Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, yaani Goma, Bukavu na Lubumbashi, hutangulia kwa saa mbili, kwa hiyo msafiri wa Bujumbura anayeunganisha Nairobi lazima asogeze saa yake mbele kwa saa moja hata kabla ya safari kubwa kuanza. New York iko nyuma ya saa za dunia kwa saa tano wakati wa baridi, na kwa saa nne kuanzia Jumapili ya pili ya mwezi Machi hadi Jumapili ya kwanza ya mwezi Novemba. Tofauti kati ya Nairobi na New York, basi, ni saa nane wakati wa baridi na saa saba wakati wa joto.

Chukua ratiba iliyotangazwa safari hii ilipoanzishwa: kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25 kesho yake. Kwa wakati wa baridi, peleka zote mbili kwenye saa za dunia. 23:25 ukitoa tatu ni 20:25. 06:25 ukiongeza tano ni 11:25 ya siku inayofuata. Kutoka 20:25 hadi 11:25 ni saa 15 kamili. Kwa kurudi, kuondoka New York 12:25 na kufika Nairobi 10:55 kesho yake: 12:25 ukiongeza tano ni 17:25, na 10:55 ukitoa tatu ni 07:55, hivyo safari ni saa 14 na nusu. Mwezi Julai, ndege hiyohiyo ikiondoka Nairobi saa ileile na kuchukua muda uleule, itafika ikiwa 07:25 kwa saa za New York.

Sasa zigeuze kwa saa zetu, na uziandike kwa maneno ili zisimpotoshe atakayezisoma. 23:25 ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku. 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi. Mtu akiisoma haraka na kusema saa sita na dakika ishirini na tano, anayempokea atafika uwanjani mchana. 12:25 ndiyo saa sita na dakika ishirini na tano mchana, na 10:55 ni saa tano kasoro dakika tano asubuhi.

Tarehe nayo ina mtego wake. Kwenye tiketi, siku hubadilika saa sita kamili usiku. Katika hesabu ya wazee wetu wa pwani, siku huanza jua linapotua, na usiku wa Jumamosi ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi. Ndege inayoondoka 00:40 tarehe ya Jumamosi inaondoka usiku wa kuamkia Jumamosi, na abiria wake anapaswa kuwa uwanjani Ijumaa jioni. Mwandikie hivyo mzee anayekusindikiza, kwa neno hilo la kuamkia, na hatakosea.

Wasafiri Waislamu watapenda kujua pia kwamba safari ya usiku kuelekea magharibi huurefusha usiku wenyewe. Mwezi Desemba, anayeondoka Nairobi 23:25 hukaa gizani safari yote na hutua New York kabla jua halijachomoza; kati ya kuzama kwa jua Nairobi na kuchomoza kwake New York hupita takriban saa 21. Anayefunga au anayetaka kujua wakati wa swala ya alfajiri angani amuulize mwanachuoni wake kabla ya safari, akiwa na ratiba mkononi. Vivyo hivyo kwa mgonjwa anayemeza dawa kila baada ya saa 12: ahesabu saa zilizopita tangu kidonge cha mwisho, asifuate saa ya ukutani ya mji aliofikia, na amwonyeshe daktari ratiba yake mapema.

Hatua ya sita: pima njia za kuunganisha

Safari ya moja kwa moja huenda isiwepo siku unayotaka, au bei yake ikakushinda. Ili kulinganisha, jumlisha umbali wa vipande. Nairobi hadi Amsterdam ni takriban kilomita 6,670, na Amsterdam hadi JFK ni 5,850, jumla 12,520: unaongeza chini ya kilomita 700, ambazo ni kama dakika 45 za kuruka. Nairobi hadi Dubai ni 3,550 na Dubai hadi JFK ni 11,020, jumla 14,570: hapo unaongeza kilomita 2,700 hivi, ambazo ni saa tatu za kuruka. Hata hivyo, kinachoamua mara nyingi ni muda wa kungoja. Kungoja saa mbili Dubai kunaweza kukufikisha mapema kuliko kungoja saa tisa Amsterdam. Angalia pia masharti ya viza ya kupitia katika nchi hiyo kabla ya kulipa, maana yapo ambayo hutegemea pasipoti yako.

Kama New York si mwisho wa safari, kumbuka kwamba mizigo hukaguliwa katika kiwanja cha kwanza unachoingilia Marekani. Utapita uhamiaji, utachukua begi lako, utalipitisha forodhani, kisha utalikabidhi tena kwa ajili ya ndege inayofuata. Mimi singekubali tiketi inayoacha chini ya saa tatu kwa shughuli hiyo.

Hatua ya saba: hesabu kutoka mlangoni hadi mlangoni

Tuseme msafiri anaishi Dar es Salaam na mwenyeji wake yuko Brooklyn, wakati wa baridi. Anatoka nyumbani Ijumaa saa nane na nusu mchana, ili foleni ya barabarani isimwathiri. Ndege yake kwenda Nairobi, umbali wa takriban kilomita 670, inaondoka saa kumi na mbili jioni na kutua saa moja na dakika ishirini usiku. Anangoja hadi saa tano na dakika ishirini na tano, na muda huo si wa kupotea, kwa sababu abiria wa Marekani hukaguliwa zaidi ya mara moja kabla ya kuingia ndani ya ndege. Baada ya saa 15 anatua JFK. Dar es Salaam ni Jumamosi saa nane na dakika ishirini na tano mchana. Uhamiaji, mizigo na barabara humchukua kama saa tatu nyingine. Jumla, kutoka mlangoni hadi mlangoni, ni saa 27, ambazo saa 16 na dakika 20 tu ndizo za ndani ya ndege.

Ujumbe wa kumtumia mwenyeji uwe na vitu vinne: namba ya ndege, herufi za kiwanja pamoja na namba ya jengo la abiria, tarehe ya kufika kwa kalenda ya New York, na saa ya kufika iliyoandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Kama safari inaangukia wiki za mwanzo za Machi au Novemba, mwambie athibitishe saa upya kwa namba ya ndege siku moja kabla, kwa kuwa kiwanja kitakuwa kimebadilisha saa au kinakaribia kufanya hivyo. Asubuhi ya kukupokea aitazame tena namba hiyo kabla ya kutoka nyumbani, maana upepo wa mbele juu ya Atlantiki ukilegea, ndege inaweza kutua hata nusu saa kabla ya wakati wake.